Adhuhuri za Bibi

Jumamosi iliyopita nilirudi Malvern, pembezoni mwa Toronto, kumsaidia baba kufungasha. Yeye na mama wanaiacha ile fleti, wanahamia Pickering karibu na kazi ya mama. Nikapanda lifti ile ile yenye harufu ya sabuni na vitunguu vya watu, nikashuka ghorofa ya tisa, na kabla hata sijavua koti nikafungua mlango wa roshani. Sijui wenzangu wakirudi walikolelewa huanzia wapi. Mimi miguu ilinipeleka huko yenyewe. Kwenye sakafu ya saruji, karibu na kizingiti, bado kuna mstari wa rangi nyeusi, urefu wake kama mkono wa mtoto, umepauka na kubanduka. Mwingine angeuona angedhani ni uchafu. Mimi nilihisi uso ukipata moto, kama mtu aliyekamatwa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana jambo hili lilikuwa siri ya watu wawili hadi Jumamosi ile.

Bibi, mama yake baba, alizaliwa Tanga, nyuma ya duka la nguo la baba yake, mzee aliyekuja kutoka upande wa Kachi, Uhindi, akiwa kijana. Nyumbani Bibi alisema Kikachi na dada zake, Kiswahili na watu wengine wote, na alipoletwa Kanada uzeeni hakuona sababu ya kuongeza lugha ya tatu. Sisi wajukuu tulikuwa kama watoto wengi wa huku, tunasemeshwa Kiswahili, tunajibu Kiingereza. Wazazi walivumilia. Bibi hakuvumilia. Ukimjibu Kiingereza aliendelea kuchambua mchele kama hakusikia kitu, mpaka njaa ikufundishe. Kiswahili changu chote, kizuri na kibovu, nilikipata kwa njaa ya mandazi.

Wakati wa likizo ya kiangazi tulibaki wawili tu, mimi na Bibi, mchana kutwa. Baba ofisini, mama kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya uuguzi. Bibi aliketi jikoni juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyoibeba kwenye sanduku toka Tanga, ingawa huku nazi tulinunua iliyokwisha kukunwa, imegandishwa kwenye pakiti. Kwa hiyo mbuzi ikawa kigoda. Kazi yangu ilikuwa kuponda iliki, kuchuja chai, kuokota vijiwe kwenye choroko. Redio ya jirani ilipenya ukutani, mabasi yalikohoa huko chini, na mbaazi za nazi zilitokota polepole hadi ukumbi mzima wa ghorofa ya tisa ulijua sisi tunakula nini.

Na pale roshani palikuwa na saa ya Bibi. Ilikuwa kopo la samli lililojazwa mchanga, katikati yake mpini wa mwiko uliovunjika, umesimama wima. Kutoka kwenye kopo kuelekea mlangoni, baba alimchorea mstari mmoja mweusi, siku ya kwanza kabisa waliyohamia, baada ya Bibi kukaa na kijiti kile siku nzima akifuata kivuli. Asubuhi kivuli kililala upande wa barabara ya basi, kirefu na kivivu. Kikajivuta, kikapungua. Kikikanyaga mstari, bado. Kikiuvuka, jua limepinduka, adhuhuri imeingia, na Bibi anatandika mswala wake na kile kidonge chake cha udongo wa kusujudia. Kalenda ya msikiti ilikuwa mlangoni pa friji, lakini maandishi yake ni madogo kama sisimizi, na Bibi alikuwa na presha ya macho. Mwaka hadi mwaka dunia yake ilikuwa inabanwa kutoka pembeni kuja katikati. Cheusi juu ya saruji alikiona. Zaidi ya hapo, kidogo.

"Kalenda ni ya waliosoma," alikuwa akisema. "Kivuli ni cha kila mtu."

Mwaka niliofika miaka kumi na moja, wiki ya kwanza shule zilipofungwa, mama aliniagiza nioshe roshani, maana njiwa walikuwa wameigeuza choo. Nilifanya kazi kwa moyo wote, kama ninavyofanya kila jambo nisilolielewa. Nikaondoa kopo. Nikamwaga sabuni na dawa ya kufulia nguo nyeupe, nikasugua kwa brashi ya waya huku nikiwaza kwamba mimi ni nahodha na ile ndiyo sitaha yangu. Nilipomwaga maji ya mwisho, rangi nyeusi ilitiririka pamoja na uchafu wa njiwa. Ilikuwa ya zamani, imekwisha pasuka. Sakafu ikabaki nyeupe tupu.

Nilipaswa kwenda jikoni na kusema. Ilikuwa hatua nne tu. Badala yake nilichukua mkebe wa rangi kwenye sanduku la vifaa la baba, nikarudisha kopo pale nilipodhani lilikuwepo, nikachora mstari mpya kwa kukisia. Ulitoka mzuri, umenyooka. Nikajisifu.

Kesho yake Bibi alitoka kutazama, akainama, akarudi ndani, akatandika mswala. Nikatupa jicho kwenye saa ya jikoni. Saa saba kasoro dakika kumi. Nikaangalia kalenda ya friji. Adhuhuri ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Kama wewe si wa kwetu huenda ukasema nusu saa si kitu. Kwetu sala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake haihesabiwi kuwa sala, ni sawa na kufuturu jua likiwa bado juu. Tena sisi huswali Adhuhuri na Alasiri zikifuatana, basi ikiharibika ya kwanza na ya pili imekwenda nayo. Jumapili moja mwalimu wetu wa madrasa aliuliza darasani, aliyeswali kabla ya wakati amefanya nini? Watoto wakajibu kwa pamoja: hakuswali. Mimi nilifungua mdomo bila kutoa sauti.

Na kila siku nilimwona. Hilo ndilo nataka ulielewe. Kiangazi chote niliketi kwenye kochi, kitabu usoni, nikimwangalia bibi yangu akiinama na kuinuka polepole kwa magoti yake yanayolia, akiomba kwa dakika nyingi, akinitaja jina kwenye dua, na vyote hivyo vinakwenda hewani kwa sababu yangu. Kila siku niliamua kusema kesho. Shule zikafunguliwa, nikawa simwoni tena mchana, lakini nilijua. Mwezi wa kumi na moja theluji ya kwanza ilifunika roshani, na kama kila mwaka baba akaanza kumpigia simu kutoka ofisini kumwambia wakati. Nilishukuru theluji. Lakini miezi ile karibu mitano ilibaki pale pale, kama nguo zilizoanikwa zikasahauliwa.

Desemba tukasafiri kwenda Uhindi. Binamu yake baba alikuwa anaoa Indore. Mama hakupewa likizo, tukaenda watatu. Usiku wa kuamkia safari nilijiambia moyoni kwamba huko ndiko nitasema. Sikusema kwenye ndege. Sikusema harusini, katikati ya ngoma na biriani.

Harusi ilipokwisha, Bibi aliomba kitu kimoja. Apelekwe Ujjain. Baba yake alimsimulia akiwa mdogo pale dukani Tanga kwamba kuna mji wa kale sana, kando ya mto, ambako wafalme walilijengea jua ngazi ya mawe, na wataalamu wa nyota wakakaa chini yake wakisoma mbingu. Daktari wa Toronto alikwisha mwambia kwamba mwanga wake utazidi kupungua na haurudi. Baba alinung'unika kidogo, barabara mbovu, vumbi, teksi ghali.

"Mama, ni ngazi tu hiyo."

"Basi nipeleke nikaone ngazi tu."

Tukaenda. Mji ulikuwa umejaa kengele za mahekalu, maua ya njano yaliyotungwa kama shanga, na vitamu vya jilebi vikichovywa kwenye shira ya moto. Lakini ukishaingia ndani ya lango la ile sehemu, kelele zote zinabaki nje. Ni bustani tu, majani mafupi, ndege, na katikati yake majengo meupe yasiyofanana na jengo lolote ulilopata kuliona, maana hayana vyumba wala paa. Na ngazi ilikuwepo kweli. Ukuta wa pembe tatu, vidaraja vinapanda, vinapanda, halafu vinakomea hewani. Kila upande wake upinde mkubwa wa mawe, umechongwa alama nyembamba za saa na dakika, na kivuli cha ukuta kinapita juu ya alama zile polepole, kama mtu anayesoma kwa kidole.

Bibi aliweka mkono begani kwangu, tukaenda hatua kwa hatua. Alikuwa amevaa sweta la baba juu ya buibui. Alipofika kwenye upinde aliinama, akapapasa zile alama kwa vidole, moja baada ya nyingine.

"Wameandika hata kwa sisi tusioona," akasema.

Palikuwa na mlinzi wa mahali pale, mzee mwenye skafu shingoni na meno machache, ambaye alifurahi kupata mgeni wa kumsikiliza. Alisema Kihindi, Bibi akamjibu Kikachi na vipande vya Kiswahili, wakaelewana vizuri kuliko mimi na baba tulivyoelewana na dereva. Akatuonyesha jukwaa la duara lenye fimbo moja imesimama wima katikati, na mistari imechorwa chini yake. Bibi aliuliza ni nini. Alipoelezwa kwamba hapo ndipo wanapopima kivuli cha adhuhuri, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kijiti changu."

"Wamekuibia, Mama," baba akasema. "Tuwashitaki."

"Waache. Wao wamejenga kwa mawe, mimi kwa kopo la samli. Kivuli hakichagui."

Hapo simu ya baba ikalia. Dereva analalamika amekaa sana, baba akatoka kwenda langoni kumtuliza. Tukabaki mimi, Bibi na mlinzi, na mlinzi akatuita haraka turudi kwenye ngazi kubwa, wakati umefika. Kivuli kilikuwa kinafikia alama ya saa sita kamili. Halafu akanionyesha saa yake ya mkononi. Ilikuwa inakaribia saa sita na nusu. Akaniinamia, maana mimi ndiye mtoto na watoto ndio wanaoulizwa maswali, akasema kwa Kiingereza chake kwamba baina ya jua na saa kuna nusu saa. Mmoja wao anasema uongo. Nani?

Leo najua alichokuwa anaeleza. Saa ya mkono inafuata nchi nzima, na jua linafuata pale uliposimama. Ni swali anaulizwa kila mtoto anayefika pale. Lakini mimi nilisikia nusu saa, nikaona macho yale yananitazama, na nikaamini kabisa, rafiki yangu, kwamba mzee yule anajua. Kwamba wasoma nyota wa mji ule walikwisha yaona yote, roshani, brashi ya waya, mkebe wa rangi. Nikaanza kulia. Mlinzi akashituka, akarudi nyuma.

"Ni mimi," nikasema. Nilisema Kiswahili. "Bibi, mimi ndiye mwongo."

Nikamweleza. Kiswahili changu kilikuwa kinajikwaa, nikisahau neno nalizunguka, lakini sikutorokea Kiingereza hata mara moja. Bibi alisikiliza amegeuza sikio, mkono wake bado juu ya jiwe. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Tangu lini?"

"Tangu shule zilipofungwa. Mpaka theluji."

"Na ulikuwa unaniona nikitandika mswala?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kila siku?"

"Likizo yote, kila siku."

Akavuta pumzi. Nilingoja kofi, nilingoja kilio, nilitamani chochote. Yeye alitafuta ukingo wa mawe kwa mguu, akakaa. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mtu mzee na si bibi yangu tu. Watoto wa shule waliokuwa wakikimbizana huko nyuma walipita, wakapotea.

"Kufuta mstari ni ajali," akasema mwishoni. "Njiwa mwenyewe angeweza kuufuta. Lakini kuniangalia, mwanangu, kimya, miezi yote hiyo, hiyo ni kazi. Ulichoka?"

"Nilichoka, Bibi."

"Naona. Umekonda, nami nikadhani ni chakula cha shule." Akafuta macho yangu kwa ncha ya mtandio, kisha yake. "Basi sikiliza. Nitaziswali tena zote. Sitaki baba yako ajue, atafanya mkutano. Na siziswali peke yangu. Uliniangalia nikikosea, sasa utaniangalia nikitengeneza."

Baba aliporudi alimkuta anataka maji ya udhu. Mlinzi alileta ndoo na kata. Bibi akaniomba nimsogeze kwenye lile jukwaa la duara, akainama mpaka pua ikakaribia jiwe, akakitazama kivuli cha ile fimbo mwenyewe kwa ule mwanga mdogo uliombakia, hadi aliporidhika kwamba jua limepinduka. Hakutaka kuambiwa. Akaswali pale majanini juu ya shali, rakaa mbili mbili za msafiri, na mlinzi akasimama mbali akiwazuia watoto wa shule wasipite mbele yake. Nilikuwa nimesimama nyuma. Sijawahi kuona mtu akisujudu taratibu namna ile.

Tuliporudi Toronto tulianza. Alichagua Jumamosi na Jumapili tu, siku ambazo niko nyumbani, maana neno lake lilikuwa lile lile, lazima niwepo. Baba alikuwa akilala baada ya chakula, mama zamu. Bibi alimaliza sala zake za siku ile, halafu akasimama tena kwa ajili ya siku moja ya kile kiangazi. Tuliichukua kalenda ya mwaka ule kutoka mlangoni pa friji kabla haijatupwa, tukaificha chini ya godoro lake, na kila alipotoa salamu mimi niliifuta siku moja kwa kalamu. Wakati mwingine alinitania kwamba nimemrudisha darasa la kwanza uzeeni. Wakati mwingine aliniuliza siku ile tunayoifuta tulikula nini, na mimi nikabuni, kuku wa nazi, Bibi, na mkate wa kumimina, naye akasema nadanganya lakini endelea. Macho yake yalifungika kabisa masika ile. Hakulalamika. Alisema ya muhimu alikwisha yaona.

Alituacha mwaka uliofuata, kwa nimonia, siku kumi tu hospitalini. Kwenye kalenda zilibaki siku arobaini na mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu kasoro na sikujua la kufanya. Niliichukua ile kalenda, nikaikunja, nikawa nahama nayo kama wengine wanavyohama na picha. Nilipoanza kazi, huko ghalani ninakobandika lebo kwenye vifurushi, siku moja ya mapumziko ya mchana nilijikuta nimesimama nyuma ya marobota ya makaratasi, nikatia nia, nikaswali kwa niaba ya bibi yangu. Nikafuta siku moja. Kisha nyingine. Sikuwa na haraka, nilikwenda moja kwa mwezi, nyingine miezi miwili. Nilipofikia siku ya mwisho, ile ya kabla ya theluji, nilisimama. Miaka miwili sasa sijaigusa. Si uvivu. Ilikuwa ndiyo kazi ya mwisho tunayoifanya pamoja, mimi na yeye, na nilijua nikiimaliza itakuwa imekwisha kweli.

Jumamosi iliyopita, fleti ikiwa tupu, niliona haifai kuondoka tena na ile siku, ilhali mahali ilipoharibikia panakabidhiwa wageni. Nikatandika koti langu sebuleni mahali palipokuwa na mswala wake, nikaswali zangu kwanza, kisha Adhuhuri yake na Alasiri yake. Nilipotoa salamu, baba alikuwa amesimama mlangoni, kashika sanduku la sahani.

"Hiyo sala gani? Umekwisha swali sasa hivi."

"Ya Bibi."

Akaweka sanduku chini. Nikamwambia yote, kuanzia brashi ya waya. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya lile sanduku, na sahani zikagonganagongana chini yake.

"Hizo zilikuwa juu yangu," akasema. "Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Sala za mzazi humwangukia mtoto wa kiume."

"Kosa lilikuwa langu, Baba."

"Na mmenificha wawili nyinyi, ndani ya vyumba viwili." Alitaka kucheka, akaacha. "Zimebaki ngapi?"

"Hakuna. Hii ndiyo ya mwisho."

Akatikisa kichwa.  Fleti isiyo na vitu ina sauti yake, kila ukipumua unasikika. Nikawaza kwamba sasa hivi duniani hakuna tena mtu anayesubiri nimjibu kwa Kiswahili ndipo anipe chakula. Hakuna anayenuka iliki na dawa ya magoti, wala anayetaka kujua siku iliyopita miaka mingi tulikula nini. Ukumbi wa ghorofa ya tisa unanukia vyakula vya watu wengine, vizuri tu, lakini si vyetu. Nilidhani nikimaliza nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtoto aliyeachiwa mkono katikati ya bustani, akaambiwa tembea.

Baba alivua saa yake ya mkononi, akaiweka dirishani, akakunja mikono ya shati.

"Nami bado sijaswali," akasema. "Ngoja nitie udhu. Usiondoe hilo koti."